Wilders kapoteza viti 11, mbona mrengo wake haujapungua? Uchaguzi wa Uholanzi taratibu taratibu

Ukimtajia Mkenya Hague kinachomjia kichwani ni ICC, Uhuru na Ruto wakipanda ndege kwenda kusikiliza kesi zao. Ila mji huohuo, wenyewe wanauita Den Haag, ndo kuna bunge na ofisi za serikali ya Uholanzi (mji mkuu ni Amsterdam lakini serikali haikai huko, wameamua hivyo na wamezoea), na bunge hilo lilichaguliwa upya tarehe 29 Oktoba 2025. Sisi Watanzania tarehe hiyo hatuisahau kwa sababu nyingine kabisa, ndo siku tuliyokuwa na uchaguzi wetu, intaneti ikazimwa siku hiyohiyo, Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje, sasa nani angekaa afuatilie Waholanzi wamemchagua nani. Mtandao uliporudi habari ilishapoa, kikabaki kichwa cha habari kimoja kilichozunguka kote kwamba Geert Wilders na siasa zake kali za mrengo wa kulia wamepigwa chini Uholanzi na Ulaya imeshusha pumzi.

Nimeona watu wenye akili zao wakiirudia hiyo kauli. Ina ukweli nusu. Nusu nyingine ndo nataka tuizungumze hapa, maana bila kujua sistimu yao inavyokwenda huwezi kuona jinsi mtu anavyopoteza viti 11 na bado upande wake ukabaki na nguvu ileile, tena ukaongeza kiti kimoja juu.

Bunge lao la chini, Tweede Kamer, lina viti 150. Hakuna majimbo. Yaani hakuna mbunge wa Rotterdam Kaskazini anayekuja kuahidi kisima na barabara, nchi nzima ni jimbo moja, vyama vinapeleka listi za majina, kura zote zinajumlishwa, na kila chama kinachukua viti kwa uwiano wa kura zake. Kwa Mtanzania njia rahisi ya kuelewa ni viti maalum, vile ambavyo vyama vinagawiwa kwa uwiano halafu majina yanatoka kwenye orodha ya chama, basi chukulia bunge zima limejazwa kwa mtindo huo, wanawake kwa wanaume. Tofauti ni kwamba kwetu chama lazima kwanza kivuke asilimia 5, na Ujerumani nao kuingia bungeni kigezo cha kawaida ni asilimia 5, wakati Uholanzi hakuna geti lolote. Ukipata kura za kutosha kiti kimoja, ambazo ni kama elfu 70 hivi, umeingia.

Sasa nchi ya watu milioni 18 isiyo na geti unapata nini? Unapata vyama 27 kwenye karatasi ya kura na 15 ndani ya bunge, hiyo ndo hali ya 2025. Kuna chama cha kutetea wanyama, kina viti 3, sio utani, kimekuwepo bungeni tangu 2006. Kuna 50PLUS cha wazee, viti 2. Kuna SGP, chama cha Waprotestanti washika dini hasa ambacho kipo tangu 1918 na mpaka 2013 kilikuwa hakiruhusu mwanamke kugombea kwa tiketi yake, viti 3 na huwa hakitikisiki, mvua ije jua liwake wao ni vilevile viwili au vitatu. Kuna DENK, kilichoanzishwa na wabunge wawili wenye asili ya Uturuki waliojitoa chama cha Labour. Karatasi ya kura inabidi iorodheshe wagombea wote wa vyama vyote kwahiyo ni likaratasi likubwa kama gazeti, na unapiga kura kwa penseli nyekundu. Penseli, karne hii. Walikuwa na mashine za kielektroniki zamani, lakini 2006 kikundi cha wataalam wa kompyuta wakaifungua mashine mojawapo wakaonyesha inaweza kuchezewa, wakaipakia hadi programu ya kucheza chesi, na haikuchukua muda serikali ikarudi kwenye karatasi na kuhesabu kwa mkono. Wakenya waliopiga kelele za "fungua seva" mwaka 2017 wangeelewana sana na hao vijana.

Kwa mpangilio huo hakuna chama kimewahi kupata viti 76 vya kutawala peke yake. Hata siku moja, katika historia yote ya uchaguzi wao wa kisasa. Kwahiyo kila serikali ni ya mseto, na uchaguzi wenyewe ni kama nusu ya safari tu, nusu ya pili ni mazungumzo ya nani akae na nani, na hapo ndo muda unaliwa. Baada ya uchaguzi wa 2017 zilipita siku 225 kabla serikali kuapishwa. Baada ya 2021, siku 299. Baada ya 2023, siku 223. Muda wote huo serikali ya zamani inabaki ofisini inafanya kazi za kawaida bila kugusa mambo mazito, na maisha yanaendelea, treni zinatembea, mishahara inatoka. Ndo maana mtu akikuambia "fulani kashinda uchaguzi Uholanzi" swali la kwanza unalopaswa kuuliza ni kashinda ili akae na nani.

Weka hilo kichwani tumuongelee Geert Wilders.

Huyu bwana yupo bungeni tangu 1998, alianzia VVD, chama cha mrengo wa kulia cha wafanyabiashara na ndo chama cha Mark Rutte, aliyekuwa waziri mkuu kwa miaka mingi. Akatoka 2004 kwa sababu hakutaka hata kusikia habari ya Uturuki kuingia Umoja wa Ulaya, na 2006 akaja na chama chake, PVV. Ajenda yake toka mwanzo ni kuupinga Uislamu, uhamiaji na EU, hazungushi maneno. Tangu mwisho wa 2004, baada ya mtengeneza filamu Theo van Gogh kuuawa barabarani Amsterdam na kijana mwenye itikadi kali, Wilders anaishi chini ya ulinzi wa polisi saa 24. Na kuna kitu cha ajabu watu wengi hawakijui: PVV kina memba mmoja tu. Yeye. Wabunge wake sio wanachama wa chama, hakuna mkutano mkuu, hakuna matawi, hakuna uchaguzi wa ndani, yeye ndo katiba na yeye ndo kamati kuu. Kwetu tumezoea mwenyekiti wa maisha lakini hapa hata wa kumpigia makofi ukumbini hayupo.

Kwa miaka mingi vyama vikubwa vilimwekea ukuta. 2010 VVD na CDA, chama cha Kikristo, walijaribu, wakaunda serikali ya viti vichache huku yeye akiwaunga mkono kutokea nje, 2012 walipofika kwenye kubana matumizi akasimama mezani akaondoka na serikali ikaanguka. Kuanzia hapo Rutte akasema na huyu basi. Kwahiyo 2017, mwaka ambao waandishi wa dunia nzima walijazana Den Haag wakidhani baada ya Brexit na Trump sasa ni zamu ya Wilders, VVD walipata 33 na PVV 20, na hata angepata 30 asingekuwa na wa kukaa naye. Mpiga kura wa mrengo wa kulia alijua kabisa kwamba kura kwa Wilders ni kura ya hasira, inapendeza moyoni lakini haileti waziri.

Kilichobadilisha hesabu ni mlango kufunguliwa. Julai 2023 serikali ya nne ya Rutte ilivunjika kwa kugombania sheria za wakimbizi kuleta familia zao, Rutte akatangaza anastaafu siasa za nyumbani, na mrithi wake kwenye VVD akawa Dilan Yeşilgöz, mwanamama aliyezaliwa Ankara na kufika Uholanzi akiwa mtoto wa familia ya wakimbizi. Yeye ndo alisema hatamfungia mtu mlango mapema, wala PVV. Nadhani alikuwa anahesabu kwamba ataongoza yeye na Wilders atakuwa kiungo tu. Wapiga kura wakasikia kitu kingine: kumbe sasa ukimchagua Wilders inawezekana akaingia serikalini, kwanini basi nichague nakala wakati orijino ipo? Tarehe 22 Novemba 2023 PVV wakazoa viti 37 kutoka 17, VVD wakaanguka hadi 24. Hilo ndo somo ambalo vyama vya Ulaya vingine vililisoma vizuri sana, au vilipaswa kulisoma, tutarudi hapo.

Miezi saba ya mazungumzo ikazaa serikali ya vyama vinne, PVV, VVD, BBB cha wakulima na NSC, chama kichanga ambacho nitakirudia. Wilders akakubali kutokuwa waziri mkuu maana wenzake walikataa katakata, ile ajenda ya kura ya maoni ya kujitoa EU ikawekwa kabatini, na waziri mkuu akaletwa mtu asiye na chama, Dick Schoof, aliyewahi kuwa mkuu wa idara ya ujasusi. Hebu fikiria waziri mkuu hana chama, viongozi wote wanne wa vyama wamebaki bungeni wanamkosoa kwenye mitandao kila asubuhi, na yule mwenye viti vingi zaidi anajiona kama mpinzani ndani ya serikali yake. Ilidumu miezi 11. Mei 2025 Wilders akaleta mpango wa vipengele kumi, kusimamisha maombi ya hifadhi, wanajeshi mipakani, Wasyria kurudishwa kwao, akawataka wenzake wasaini, wakamwambia waziri wa uhamiaji anatoka chama chako, si alete muswada tuupitishe? Tarehe 3 Juni akaondoka. Mara ya pili katika maisha yake anaangusha serikali kwa kutoka mezani. Wiki tatu baadaye viongozi wa NATO wote, Trump akiwemo, walikutana Den Haag kupanga matumizi ya ulinzi yafike asilimia 5 ya pato la taifa, mwenyeji wao akiwa serikali iliyoshaanguka na katibu mkuu wa NATO akiwa Rutte huyohuyo. Agosti NSC nao wakajitoa kwenye mabaki, safari hii kwa sababu ya Gaza, waziri wa mambo ya nje alitaka hatua kali zaidi dhidi ya Israel wenzake wakagoma.

Hapa nataka kumsimamisha msomaji kwenye NSC maana ndo stori inayosahaulika na mimi naona ina uzito kuliko ya Wilders. Aliyekianzisha ni Pieter Omtzigt, mbunge mmoja mkimya wa CDA aliyejenga jina kwa kuchimba kashfa ya posho za malezi ya watoto. Kwa kifupi mamlaka ya kodi iliwatuhumu maelfu ya wazazi kuwa matapeli kwa makosa madogo madogo ya fomu, wengi wao wenye asili ya nje au uraia wa nchi mbili, ikawadai warudishe mamilioni ya euro, watu wakapoteza nyumba, ndoa zikavunjika, na kumbe wengi hawakuwa na kosa lolote. Januari 2021 serikali ya tatu ya Rutte ilijiuzulu kwa ajili hiyo, na miezi miwili mbele Rutte huyohuyo akashinda tena uchaguzi, hiyo ndo Uholanzi. Omtzigt akatoka CDA, Agosti 2023 akaunda NSC yaani "Mkataba Mpya wa Kijamii", akiahidi utawala bora na serikali inayomsikiliza raia, na kwa miezi mitatu tu ya uhai chama kikapata viti 20. Halafu akaingia serikali moja na Wilders. Afya yake ikayumba, Aprili 2025 akaacha siasa, na Oktoba chama kikatoka viti 20 hadi sifuri. Sifuri kabisa, kwenye nchi ambayo kura elfu 70 zinakupa kiti! Watu waliotaka siasa za heshima walimkabidhi kura zao akaenda kuzitumia pale, basi wakazichukua wakaondoka nazo.

Na wengi walizipeleka wapi? Angalia CDA, kile chama cha zamani cha Kikristo alichotoka Omtzigt, kilikuwa na viti 5 kikapanda hadi 18 chini ya Henri Bontenbal ambaye kampeni yake nzima ilikuwa ni kuwa mtu wa kawaida asiyepiga kelele. D66, chama cha kati chenye kuipenda Ulaya, kutoka 9 hadi 26. PVV kutoka 37 hadi 26. D66 na PVV wakawa sawa kwa viti, wakatofautiana kwa kura kama elfu 30 tu nchi nzima, na waliojitokeza kupiga kura ni karibu asilimia 78. Kiongozi wa D66 Rob Jetten, miaka 38, akatangazwa mshindi, na hapo ndo vile vichwa vya habari vikaandikwa.

Sasa chukua kalamu tujumlishe vyama vitatu vya mrengo mkali wa kulia. Mwaka 2023 PVV walikuwa na 37, Forum voor Democratie cha Thierry Baudet 3, na JA21, kilichotoka ubavuni mwa hao Forum, kiti 1. Jumla 41. Mwaka 2025 PVV 26, Forum 7, JA21 9. Jumla 42. Wapiga kura wa Wilders wengi walishuka daladala moja wakapanda nyingine ya ruti ileile, hawakubadilisha wanakokwenda. JA21 wanasema yaleyale kuhusu uhamiaji ila kwa suti na sauti ya chini, na Forum ndo wamempita hata Wilders kwa ukali maana wao kutoka EU bado ipo juu mezani. Ukitaka kuwa mkarimu uongeze na wakulima wa BBB, 7 wakawa 4, basi kambi inatoka 48 inakuja 46, imepungua viwili. Hiyo ndo "kupigwa chini" yenyewe. Upande wa kushoto ndo walioumia kweli, muungano wa GroenLinks (chama cha kijani) na Labour ulishuka kutoka 25 hadi 20 na kiongozi wao Frans Timmermans, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Kamisheni ya Ulaya, akajiuzulu usiku uleule kabla hata kura hazijaisha kuhesabiwa.

Kwanini walihama safari hii? Kwa sababu ileile iliyowaleta 2023, ila kinyume chake. Vyama vyote vikubwa, hata VVD, vilitangaza kabla ya uchaguzi kwamba na Wilders hatukai tena, kwahiyo kura kwake ikarudi kuwa ya hasira tu, na anayetaka sera za kulia zenye chansi ya kufika serikalini akaenda JA21. Mlango ukifunguliwa anapanda, ukifungwa anashuka, ila watu wenyewe wapo. Wanalalamika nyumba hazipatikani (upungufu unatajwa kuwa kama nyumba laki nne), kituo cha kupokea waomba hifadhi cha Ter Apel kilifurika 2022 hadi watu wakalala nje kwenye majani na Madaktari Wasio na Mipaka wakaenda kutoa huduma, kitu ambacho hawajawahi kufanya ndani ya Uholanzi, na vibali vya ujenzi vimekwama kwa sababu mahakama mwaka 2019 ilisema sheria za EU za kulinda mazingira haziruhusu kuendelea kuzalisha naitrojeni hivyo. Naitrojeni! Nyingi inatoka kwenye mavi ya ng'ombe. Kwahiyo kijana wa Utrecht anayekosa chumba cha kupanga, mfugaji anayeambiwa apunguze ng'ombe, na kijiji kinachoambiwa kipokee wakimbizi mia tatu, wote hasira zao zikifuatwa hadi mwisho zinapita Brussels, na wanasiasa wameshajua hilo.

Twende basi kwenye Ulaya, kwanini uchaguzi wa nchi ndogo kiasi hiki unafuatiliwa.

Kwanza sio ndogo kivile. Ni moja ya nchi sita zilizoanzisha huo umoja, mkataba uliounda EU ulisainiwa Maastricht mwaka 1992, bandari ya Rotterdam ndo kubwa kuliko zote Ulaya, na pale Veldhoven kuna kampuni ya ASML ambayo ndo pekee duniani inayotengeneza zile mashine za hali ya juu kabisa za kuchapa chipu za kompyuta, ndo maana Marekani na China wote wanaibembeleza na kuitishia serikali ya Den Haag kwa zamu. Pia ni nchi inayoingiza hela nyingi kwenye mfuko wa EU kuliko inazopata, na mtoa hela huwa anasikilizwa. Mwaka 2005 Waholanzi asilimia 61 walipiga kura ya hapana kwa katiba ya Ulaya, siku tatu baada ya Wafaransa, katiba ikafa. 2020 wakati wa korona Rutte na wenzake wa Austria, Denmark na Sweden walibana ule mfuko wa euro bilioni 750 mpaka viongozi wakalala Brussels siku nne wakibishana. Kwenye mambo ya nje na ya bajeti kuu nchi moja ikisema hapana jambo linakwama, kwahiyo nani anakalia kile kiti cha Uholanzi ni jambo la watu milioni 450.

Chini ya Schoof kiti kile kilikuwa kinakaliwa na mtu asiye na meno. Septemba 2024 waziri wake wa uhamiaji kutoka PVV aliandika barua Brussels kuomba Uholanzi itolewe kwenye sheria za pamoja za hifadhi, kama Denmark. Barua fupi, ikasambazwa mitandaoni kwa mbwembwe. Lakini Denmark ilipata msamaha wake mwaka 1992 baada ya wananchi wake kuukataa mkataba wa Maastricht kwenye kura ya maoni, sasa hivi ili upewe lazima mkataba mkuu ufunguliwe upya na nchi zote 27 zikubali, jambo ambalo kila mtu pale alijua halipo. Ilikuwa barua ya kuwaandikia wapiga kura. Jetten na D66 wao wanataka kinyume, Ulaya yenye nguvu zaidi na kura ya turufu ipunguzwe, kwahiyo hapo mabadiliko ni ya kweli na Paris na Berlin walifurahi bila kuficha. Kwa Ukraine mstari hautofautiani sana, ndege ya MH17 ilipodunguliwa 2014 watu 298 walikufa na 196 walikuwa Waholanzi, kwahiyo hata serikali ya Wilders iliendelea kupeleka silaha ingawa mwenyewe hakuwa na hamu nazo.

Pili, na hili naona ndo kubwa, Uholanzi imekuwa maabara ya swali ambalo kila nchi ya Ulaya inajiuliza: hawa watu uwafungie nje au uwaingize ndani wachafuke? Ujerumani ukuta upo, Februari 2025 AfD, chama chao cha mrengo mkali wa kulia, wakawa wa pili kwa karibu asilimia 21 na wakabaki nje. Austria Septemba 2024 FPÖ, nao wa mrengo huohuo, walikuwa wa kwanza na serikali ikaundwa bila wao. Italia Meloni ndo waziri mkuu kabisa. Ufaransa wanaenda kwenye uchaguzi wa rais 2027 na kambi ya Le Pen iko mbele kwenye tafiti nyingi za maoni. Waholanzi walijaribu kuwaingiza, na anayetaka kusema imefaa atakuonyesha viti 11 vilivyopotea, na anayetaka kusema haikufaa atakuonyesha ile jumla ya 42. Mimi nipo na wa pili. Serikali ile ilishindwa kwa sababu Wilders ana tabia ya kuondoka mezani, sio kwa sababu watu walizichoka sera zake, na chama kingine chenye nidhamu zaidi kikikaa kwenye hizo sera kitadumu kuliko yeye. Kwa hiyo Mjerumani anayefikiri atawaalika AfD wajiunguze wenyewe ajiulize kwanza kama AfD nao wana memba mmoja.

Tena angalia mshindi alivyoshinda. Jetten alizungusha bendera ya taifa kwenye mikutano yake, kitu ambacho watu wa D66 zamani walikuwa wanaona ni cha upande ule mwingine, na ilani yake ikataka maombi ya hifadhi yafanyiwe nje ya Ulaya. Septemba 2025, mwezi mmoja kabla ya kura, waandamanaji wa kupinga uhamiaji walivunja vioo vya ofisi ya chama chake Den Haag, na yeye bado akaona asiwaachie hao watu bendera wala mada. Ni akili ya siasa, siilaumu, ila ukweli ni kwamba meza yenyewe imesogezwa kulia na wanaokaa katikati ya meza leo wamekaa pale alipokuwa anakaa mtu wa kulia miaka 15 nyuma.

Na hapa ndo inatufikia sisi. Mwezi huohuo wa Septemba 2025, serikali ile iliyoshaanguka ilisaini New York makubaliano ya awali na Uganda ili watu walionyimwa hifadhi Uholanzi, wanaotoka nchi za ukanda huu na wasioweza kurudishwa moja kwa moja, wapelekwe Uganda kama kituo cha kupitia kabla ya kwenda kwao. Wazo lilianza 2024 waziri mmoja wa PVV alipotembelea Kampala, wakati ule wengi walilitilia shaka. Machi 2025 Kamisheni ya Ulaya yenyewe ikapendekeza sheria inayoruhusu vituo vya namna hiyo nje ya Ulaya. Unaona safari ya wazo, kutoka kwa mtu anayetiliwa shaka hadi kwenye rasimu ya Brussels ndani ya miezi michache tu. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, nyingi kuliko nchi yoyote Afrika, Wakongo, Wasudani Kusini, Warundi, wanapewa kipande cha ardhi na kuruhusiwa kufanya kazi, na nchi tajiri inayosema imejaa ndo inaomba nafasi huko. Serikali hiyohiyo ilipanga misaada ya maendeleo ipungue kwa euro bilioni 2.4 kwa mwaka kuanzia 2027, na misaada hiyo ni pamoja na ile inayowaweka wakimbizi wakae ukanda huu wasielekee Ulaya. Hesabu ya hapo sijaielewa bado.

Serikali yenyewe mpya ikatoka vipi? Yeşilgöz alikataa kukaa na muungano wa kushoto, wengine wakakataa JA21, ikabaki D66, CDA na VVD, jumla viti 66 kati ya 150. Wanapungukiwa kumi. Wakaamua kwenda hivyohivyo, serikali ya viti vichache, kitu ambacho Uholanzi haijazoea kabisa, na Jetten akaapishwa Februari 2026 kuwa waziri mkuu mdogo kuliko wote waliowahi kuwepo na wa kwanza aliye wazi kwamba ni shoga. Kila muswada sasa wanatembea mlango kwa mlango kutafuta kura, leo za kushoto kwa ajili ya nyumba na mazingira, kesho za JA21 kwa ajili ya uhamiaji. Na hilo ni bunge la chini tu. Kuna la juu lenye viti 75 linalochaguliwa na madiwani wa mikoa, huko vyama hivyo vitatu vina chini ya theluthi moja na linaweza kukataa sheria yoyote, kwahiyo hata wakizipata zile kura kumi bado kuna ngazi nyingine ya kupanda. Uchaguzi wa mikoa ni Machi 2027. Wa Ufaransa unafuata mwezi mmoja baadaye.